Giaboksi ishushwe au isishushwe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya manyuo, naisombea korosho kutoka mashambani hadi ghalani. Wiki ya pili sasa, asubuhi gia haziingii. Rivasi ndiyo inalia krrr mpaka watu wanageuka. Nikipampu klachi mara tatu, gia inaingia laini kabisa. Fundi wangu anasema pleti ya klachi imekwisha, giaboksi ishushwe, ninunue seti nzima. Msimu ndio huu, gari likilala siku mbili nimeumia. Nifanyeje?
Msomaji, Mtama, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usishushe kitu kwanza.

Pleti iliyokwisha inateleza: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inakujia puani. Wanaopandisha mzigo Newala wanaijua harufu hiyo. Lako halitelezi hata kidogo. Lako haliachii, yaani ukikanyaga klachi haitengani na injini, na hayo ni maradhi mengine.

Tena umeshajitibu nusu bila kujua. Pleti iliyolika haiponi kwa kupampu. Kinachobadilika ukipampu ni presha ya mafuta, kwa hiyo mafuta yanavuja au kuna upepo ndani.

Fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya klachi. Kimepungua? Inama chini ya dashibodi, pitisha kidole pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta, silinda inayosukuma mafuta ya klachi. Kidole kikitoka na unyevu, au kapeti imelowa, masta inavuja. Pakavu? Zima injini, vuta hendibreki, weka magogo kwenye matairi, kisha ingia chini. Ubavuni mwa giaboksi kuna silinda ndogo yenye kofia ya mpira. Ifunue. Mimi niliwahi kushusha giaboksi ya mteja hapa Mtwara kutwa nzima, nikakuta pleti nene kama biskuti, na kofia ile imejaa mafuta. Sikumtoza hata senti, na aibu ile ninayo hadi leo.

Ukikuta inavuja, badilisha ripea kiti, yaani raba za ndani. Lakini kuta za silinda zikiwa na mikwaruzo au kutu, nunua silinda nzima, maana raba mpya hazitadumu. Kisha toa upepo, kazi ya watu wawili. Wa juu anakanyaga na kushikilia pedeli, wa chini anafungua nati ya kutolea upepo, anaifunga, ndipo wa juu anaachia. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na kikopo kisikauke katikati, la sivyo mnaanza upya. Tumia mafuta ya breki, DOT 3, basi. Kuna wanaotia oili ya injini kwa dharura: raba zinavimba na ugonjwa unarudi mkubwa zaidi. Mafuta ya breki yasidondoke kwenye rangi pia, yanaibabua.

Mfumo wa mafuta ukiwa mzima na rivasi bado inalia, hapo fundi wako ana haki, shusheni. Na mkishusha, pleti, presha pleti inayoibana, na rilizi beringi inayoisukuma presha pleti ukikanyaga, zibadilishwe pamoja, na sili ya nyuma ya krenki itazamwe. Ikivuja oili juu ya pleti mpya, mmechoma fedha.

SWALI: Kirikuu yangu inavuma nikikanyaga klachi, nikiachia inanyamaza.
Mama wa Mikindani

JIBU: Rilizi beringi hiyo, mama. Ingekuwa inavuma ukiwa umeachia na kunyamaza ukikanyaga, ningesema beringi ya giaboksi. Na ule mguu unaopumzishwa juu ya pedeli safari nzima, uhamishie kwenye kapeti.