Axio ya haibridi au ya petroli: hesabu ipi ni ya haki?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Mbezi Mwisho, kazini ni Posta. Siku za kazi naendesha kilomita 52 kwenda na kurudi, na nikijumlisha mizunguko ya wikiendi napata kama kilomita 1,500 kwa mwezi. Nataka kununua Toyota Corolla Axio. Yadi moja inazo mbili: ya petroli, CC 1500, ya mwaka 2014, daraja la X, milioni 19, na ya haibridi (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme) ya mwaka 2017, daraja la G, milioni 24. Dalali anasema haibridi inakwenda kilomita 33 kwa lita wakati Axio ya petroli ya jirani yangu inakwenda 12, kwa hiyo ile milioni 5 ya ziada itarudi kabla ya miaka miwili. Shemeji yangu anasema nisithubutu: betri ikifa ni milioni 3.2, na akiba yote imekwenda na maji. Sehemu ya hela ni mkopo wa SACCOS, riba asilimia 12, miaka mitatu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Wote wawili wana kipande cha ukweli, ila kila mmoja amepima kwa kibaba chake.

Nianze na dalali. Ile 33 ni namba ya katalogi. Ilipatikana Japani kwa kipimo cha JC08, ambapo gari hukimbizwa juu ya roli ndani ya maabara, kwa ratiba ya mwendo iliyopangwa, AC ikiwa imezimwa. Hakuna vilima vya Kimara mle wala foleni ya Ubungo. Ile 12 ya jirani yako imetoka barabarani, ndani ya foleni hiyohiyo. Axio ya petroli nayo ina namba yake ya katalogi, nayo iko juu sana ya hiyo 12. Kama ni katalogi, iwe katalogi pande zote mbili. Kama ni barabara, iwe barabara. Kuchukua moja huku na nyingine kule ni kumwonea mnunuzi, na hili nimelisikia mara nyingi mno kwenye yadi.

Haibridi za aina hiyo zinazopita gerejini kwangu, zikiendeshwa njia kama yako na AC imewashwa, nyingi hunipa kati ya 18 na 21. Nitatumia 19. Kwa petroli nabaki na 12 ya jirani yako, maana haina chumvi.

Sasa bei. Hayo magari mawili si mapacha. Moja lina miaka mitatu zaidi na ni daraja la chini, na sina shaka hata kilomita zilizosoma hazilingani. Katika milioni 5 hizo umelipia mwaka, vifaa vya ndani, hali ya bodi, kisha ndipo haibridi yenyewe. Hata kodi imo: TRA hutoza kodi ya uchakavu kwa magari ya zamani yanayoingizwa nchini, na gari likivuka miaka 10 kiwango kinapanda, kwa hiyo bei ya yadi inabeba mambo ambayo hayahusiani kabisa na betri. Tafuta Axio ya petroli ya 2017, daraja la G, yenye kilomita zinazokaribiana na alama inayofanana ya mnada wa Japani, ile inayoonyesha hali ya gari. Tuseme umeipata kwa milioni 21.5. Hapo ndipo unajua kwamba haibridi yenyewe inakugharimu milioni 2.5 zaidi. Ile 2.5 nyingine ungeilipa hata kwa petroli, kwa sababu ya upya wa gari.

Mafuta sasa. Kilomita 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka. Kwa 12, petroli itakunywa lita 1,500. Kwa 19, haibridi itakunywa kama lita 947. Tofauti ni lita 553. Naweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi kufuata. Wewe weka bei ya EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, inatangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Unaokoa karibu milioni 1.66 kwa mwaka. Kwa kibaba cha dalali ungeambiwa milioni 2.86. Unaona pengo lilivyo.

Hapa nakuomba utulie kidogo, kwa sababu kilomita kwa lita hudanganya macho. Mtu akikuambia gari lake limetoka 20 hadi 30, na mwingine limetoka 8 hadi 12, wa kwanza anaonekana ameshinda. Pima kwa safari ya kilomita 100: wa kwanza ametoka lita 5 hadi 3.3, ameokoa 1.7. Wa pili ametoka 12.5 hadi 8.3, ameokoa zaidi ya 4. Kwa hiyo faida ya haibridi inategemea sana gari unaloliacha linakula kiasi gani. Ukiiweka Axio ya haibridi mbele ya Passo ya CC 1000, ambayo tayari inanusa tu mafuta, akiba inakuwa nyembamba.

Inategemea pia barabara. Kwenye foleni injini ya petroli inaunguruma imesimama, na ikiwa na AC inaweza kuchoma karibu lita moja kwa saa bila kukusogeza hatua. Haibridi ya Toyota inazima injini, na kompresa ya AC inazungushwa na umeme wa betri kubwa. Injini huamka tu betri ikihitaji chaji. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu ile kwenye betri. Njia kuu ni habari nyingine. Chukua ndugu anayeishi Dodoma, anaendesha kilomita 600 kwa mwezi, nyingi zikiwa lami wazi. Kwake petroli inaweza kutoa 16 na haibridi 21. Kwa mwaka anaokoa kama lita 107, yaani shilingi 321,000. Ile milioni 2.5 itamchukua karibu miaka minane kurudi. Yeye nisingemshauri, hata kama betri ni nzima kabisa.

Sasa shemeji. Hofu yake ni ya kweli, nami nimefungua betri za kutosha kuiheshimu. Betri ya Axio hiyo ni ya nikeli, iko chini ya kiti cha nyuma, na adui yake mkubwa ni joto. Ina feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti hicho. Tundu likizibwa na mizigo, au kichujio kikijaa vumbi, betri inapikwa polepole mwenyewe akiwa hana habari. Kusafisha feni na kichujio ni kazi ya muda mfupi, na wengi hawajawahi kuifanya hata mara moja.

Kosa la shemeji ni kuichukulia milioni 3.2 kama inalipwa kesho asubuhi, bila kuigawa kwa miaka ya kutumia gari. Mimi naiingiza yote, maana gari lina umri na jua letu ni kali, lakini naiingiza ndani ya miaka mitano. Ziada ya kununua milioni 2.5, riba ya SACCOS juu ya hiyo ziada karibu laki tano kwa miaka mitatu, betri milioni 3.2: jumla milioni 6.2. Akiba ya mafuta kwa miaka mitano ni kama milioni 8.3. Unabaki na milioni 2.1 hata kama betri itakufa. Isipokufa, unabaki na 5.3. Bima kubwa itapanda kidogo kwa kuwa inafuata thamani ya gari. Kwa upande mwingine pedi za breki zinadumu, na gari halina altaneta wala stata za kawaida za kuharibika. Hivyo nimeviacha viondoane. Bei ya kuuzia baadaye nimeiweka sawa kwa yote mawili, maana wanunuzi wengi wana hofu ileile ya shemeji yako.

Kwa njia yako na kilomita zako, basi, ningechukua haibridi, kwa sharti moja nisilolilegeza: betri ipimwe kabla hujatoa hela. Nenda na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Asiangalie taa za dashibodi tu, maana kosa linaweza kufutwa asubuhi ya siku unayokuja. Mwendeshe gari dakika 30, mpande mlima, mkanyage breki, huku anafuatilia volti za vifungu vya betri kimoja kimoja. Vikiachana sana gari linapokazana, betri imechoka, na P0A80, msimbo wa kompyuta unaosema betri kubwa ibadilishwe, uko njiani kuja. Wakikuambia wamebadilisha seli moja na mambo safi, punguza bei kwa gharama ya betri nzima: seli mpya ikikaa katikati ya zilizochoka, hazichaji wala kutoa umeme sawasawa, na baada ya miezi michache inakufa nyingine.

Wakikataa isipimwe, chukua ile ya petroli ya 2017, G. Ukishanunua lolote kati ya hayo, jaza tenki mpaka pampu ijikate, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, endesha kilomita zisizopungua 300, kisha jaza tena kituo kilekile. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza, uniandikie namba uliyopata, tuiweke mahali pa ile 19 yangu au 12 ya jirani.