Nyasi za kupanda kivulini chini ya mparachichi

Dada, hapo chini ya mparachichi usihangaike tena na nyasi za Kikuyu, zile zinataka jua. Panda Oplismenus hirtellus, nyasi fupi za asili zinazotambaa chini ya miti kwenye misitu kama Karura wa Nairobi. Majani ni mapana, yana mawimbi, na kila kifundo cha shina kinachogusa udongo hutoa mizizi. Kwa hiyo vipande vyenye vifundo viwili vitatu vinatosha, uvipande mvua za Machi zikishika. Majani makavu ya mti yaache palepale, tafadhali! Ndiyo mbolea, ndiyo yanayoshika unyevu. Mbegu zake hunata kwenye suruali, basi fyeka kando ya njia. Ila nyasi zenyewe usizing'oe msituni. Tafuta kwenye vitalu vya miche ya asili.