Binti yangu anang'oa nyusi zake mwenyewe

*Shangazi, shikamoo. Nina binti wa miaka 14, yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Mwaka juzi alipomaliza darasa la saba aliachia nywele ili asuke. Kufika Desemba nikaona ana upara wa ukubwa wa sarafu nyuma ya sikio. Nikajua ni mapunye, nikanunua dawa ya kupaka na ya kumeza, upara ukazidi. Siku moja nafagia, nikasogeza kitanda chake, nikakuta nywele zimerundikana ukutani kama kwa kinyozi. Nilipombana akalia, akasema anazing'oa mwenyewe na hajui kwa nini. Nikamnyoa zote. Haukupita mwezi, nyusi zikaisha. Sasa hata kope za jicho la kushoto hana. Anajichora nyusi kwa wanja, na matroni amemchapa kwa kujiremba. Baba yake anasema ni kiburi. Mama mkwe anasema katupiwa jini, tumeshampeleka kuombewa mara tatu. Kila mkono ukipanda usoni namwambia "Acha!" Anaacha, nikigeuka ameanza tena. Dada mmoja wa kanisani aliyewahi kuishi Marekani amenitajia shirika la huko linaloitwa TLC, la watu wenye hali hii. Mwingine ananiuzia vidonge vya shilingi elfu themanini. Nifanyeje? Samahani kwa mwandiko mbaya, vidole vina vidonda. Nikiwa na mawazo huwa nabandua ngozi ya pembeni mwa kucha mpaka damu itoke. – Mama Neema (si jina lake), Arusha*

Marahaba, Mama Neema. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale mwishoni ulipoomba radhi kwa mwandiko. Umeandika ukurasa mzima kuhusu mkono wa binti yako, halafu kwa sentensi mbili ukaniambia wako nao unafanya kazi ileile. Nitarudi hapo, maana naona ndipo dawa ilipo.

Kwanza tuondoe kiburi na jini. Hali hii inajulikana hospitalini kwa zaidi ya miaka mia moja. Daktari wa ngozi Mfaransa, Hallopeau, aliipa jina la trikotilomania mwaka 1889. Ndugu yake ni kujichuna ngozi: kubandua magaga, kutumbua chunusi zisizoiva, kuvuta ngozi ya vidole. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, limeziweka hali hizi mbili katika kundi moja. Inakadiriwa kwamba kati ya watu mia, mmoja au wawili wananyofoa nywele kiasi cha kuwatesa. Katika shule ya wanafunzi mia sita, Neema hayuko peke yake, ila kila mmoja anaamini yuko peke yake. Nyingi huanza umri huohuo wa kuvunja ungo, na mara nyingi hutembea ndani ya familia. Sisemi umemwambukiza, wala malezi yako hayajasababisha. Nasema tu kwamba huenda mnafanana zaidi ya sura.

Kuhusu maombi, kama yanampa faraja, endeleeni. Ila aombewe kama mtoto anayeumwa. Asikemewe kama aliyepagawa, kwa sababu akitoka pale nyusi bado hana, atajiona hata Mungu ameshindwa naye.

Sasa hilo shirika. TLC, kwa kirefu Trichotillomania Learning Center, lilianzishwa Santa Cruz, California, mwaka 1991 na mama mmoja, Christina Pearson, ambaye mwenyewe alianza kung'oa nywele akiwa msichana. Wakati ule hata madaktari wengi hawakuwahi kusikia ugonjwa huu. Alichofanya kwanza ni kutafuta wenzake. Ndipo yakafuata mengine: vikundi vya kusaidiana, mikutano ya kila mwaka ambako watoto walikuja na wazazi wao, mafunzo kwa wataalamu wa saikolojia ambao chuoni hawakufundishwa habari hii, vijitabu vya wazazi, na fedha za utafiti. Kila mwaka tarehe 1 hadi 7 Oktoba huwa ni wiki ya kuwaelimisha watu kuhusu hali hizi.

Mimi kilichonigusa zaidi ni ile mikutano. Watu waliohudhuria wamesimulia jinsi mtu anavyoingia amevaa wigi au kitambaa, anakuta ukumbi umejaa watu wenye vichwa kama chake, na kabla siku haijaisha amekivua. Mtu aliyeficha kichwa hata kwa mumewe! Hakuna kidonge kinachofanya hivyo.

Kabla hujauliza California ni mbali kiasi gani, mambo waliyofundisha unaweza kuyaanza hapo nyumbani. Wataalamu waliofanya kazi na shirika hilo husema usimuulize mtoto "kwa nini unafanya?" Hajui, na swali lenyewe linamtia hatiani. Tafuteni pamoja mkono unapanda lini na wapi. Ni akisoma kitandani, chali, taa imewaka? Ni mbele ya kioo cha bafuni? Vidole vinatafuta nini, unywele mgumu, uliojikunja, au kile kimzizi cheupe? Amechoka, ana hasira, au amezubaa tu? Mwanasaikolojia Charles Mansueto alijenga tiba nzima juu ya maswali haya: hisia za mwili, mawazo, hisia za moyoni, mazoea ya mkono, na mahali. Ukishajua, unaziba njia. Akinyofoa kitandani, asome mezani. Kama vidole vinataka kitu cha kuchezea, apewe kamba ya kufuma, shanga, au kipande cha kitambaa kikavu cha kukwaruza. Kama ni kope, apake mafuta kidogo vidoleni zisishikike.

Na mkono ukipanda, afundishwe kukunja ngumi na kuishikilia kwa dakika moja hivi, hamu ipande na ishuke. Mbinu hiyo ilitungwa mwaka 1973 na watafiti Azrin na Nunn, na hadi leo ndiyo msingi wa tiba. Inaonekana ndogo, lakini inataka mazoezi kama kujifunza kupika chapati. Za kwanza zitaungua.

"Acha!" yako iache wewe. Najua inatoka kwenye uchungu. Lakini angalia ulichoniandikia: anaacha, ukigeuka anaanza tena. Unamfundisha kujificha. Kunyoa nako umeona matokeo yake, mkono ulihama kutoka kichwani ukaenda usoni. Kama mnataka neno la kumkumbusha, achague yeye, na akubali mwenyewe kwamba utalitumia.

Vidonge vya elfu themanini usinunue. Yaelekea ni N-asetilsisteini. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani ulionyesha inasaidia baadhi ya watu wazima. Ilipojaribiwa kwa watoto na matineja, matokeo ya 2013 hayakuonyesha tofauti na kidonge cha bandia. Hizo elfu themanini ni nauli ya Moshi na chenji inabaki. Hospitali ya KCMC huko pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Wamtazame kichwa, wahakikishe hakuna mapunye wala ugonjwa mwingine, na uombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa saikolojia. Mwambie wazi, "mwanangu anang'oa nywele mwenyewe," usizunguke. Akiwa hajui tiba hii, mtajie mbinu ya kukunja ngumi na jina la TLC, atatafuta. Hakuna aibu mgonjwa kumfundisha daktari. Shirika lile limeishi kwa kufanya hivyo.

Jambo moja la haraka, muulize kwa upole kama huwa anazimeza nywele. Baadhi hutafuna kimzizi, wengine humeza. Nywele hazisagiki tumboni, zinaweza kujiviringa zikawa donge. Akisema ndiyo, au akiwa na maumivu ya tumbo, kutapika, au chakula kidogo kumshibisha, nenda hospitali wiki hiihii.

Shuleni nenda mwenyewe kabla muhula haujaanza. Usimtume na barua. Kaa na matroni, mweleze ule wanja ulikuwa wa kuziba jeraha, haukuwa urembo. Omba aruhusiwe wanja, na akionekana mkono umepanda darasani asisemeshwe mbele ya wenzake. Baba yake nitakuachia wewe, unajua lugha yake, ila mwambie kiburi hakimtoi mtoto machozi usiku.

Halafu jioni moja, mkiwa wawili mnachambua mchele, usimuulize chochote. Mwonyeshe vidole vyako. Mwambie ulianza lini, hufanya ukiwa na mawazo gani, na kwamba hata wewe umejaribu kuacha ukashindwa. Yule mama wa California alianza kwa kutafuta mtu wa pili. Neema anaye, tena anakula naye sahani moja, ila hajui. Mkunje ngumi pamoja, yeye akiwazia nyusi, wewe kucha. Kuna siku mtashindwa wote wawili, msihesabiane.

Niandikie baada ya likizo uniambie alisema nini alipoviona.