Bakteria wa ndani ya mzizi wa mkarafuu

Mdogo wangu wa Wete, unauliza utajuaje bakteria wako wametoka ndani ya mzizi wa mkarafuu na si udongo ulogandia nje. Osha mzizi, tia spiriti ya asilimia 70 dakika moja hivi, kisha jiki ilozimuliwa, suuza kwa maji yasokuwa na vijidudu, halafu yale maji ya mwisho yadondoshe kwenye sahani ya agari (rojo lilogandishwa la kuoteshea vijidudu), pakiota kitu ndo wa nje bado wapo, anza upya tu, mie yalinikuta mara 2 nusra nilie. Pasipoota kitu, wanotoka kwenye mzizi huo ni wa ndani. Wakiwa Bacillus, jamii moja ya bakteria, usiwadharau, wengine hutoa iturini, kemikali inotoboa utando wa ukungu. Wapambanishe na ukungu sahani moja, uone kama pana duara tupu ukungu usipoota. Ila usijipake bakteria hao kidondani, kuua kwenye sahani si kuwa dawa, hata jiki inaua kwenye sahani.