Mgonjwa wa kiharusi akipaliwa, usikimbilie maji

Kwetu Mombasa mtu akipaliwa, utasikia tu, "Mpe maji ateremshie." Kwa aliyepigwa na kiharusi, maji hayo mara nyingi ndiyo hatari yenyewe. Hukimbia upesi, na koo iliyolegea haiwahi kuziba njia ya hewa. Yakishuka mapafuni, nimonia haiko mbali.

Mimi namuuguza mama nyumbani, na kikohozi si dalili pekee ninayoitazama. Akishameza namwambia aseme "aaa". Sauti ikitoka ya majimaji, kuna kitu kimebaki kooni. Halafu namchungulia shavu la upande uliopooza. Nimewahi kukuta tonge la wali limejibanza humo, vyombo vimeshaoshwa, naye hana habari nalo. Homa za kujirudiarudia na kukonda nazo zisipuuzwe. Wengine hawakohoi kabisa, chakula kinaingia mapafuni kimyakimya. Kwa hiyo mwombe daktari akupe rufaa kwa mtaalamu wa usemi na kumeza, ampime mgonjwa na aseme chakula na kinywaji kiwe kizito kiasi gani. Usijikadirie mwenyewe.

Jikoni kwetu mahamri yamesimama, hata wali mkavu na mchuzi mwepesi wenye vipande. Kinachomfaa mama ni bokoboko, yaani ngano iliyopikwa na nyama, lipondwe mpaka nyama isionekane nyuzi. Mbaazi za nazi nazisaga na kuzichuja maganda.

Wakati wa kula anakaa wima kitini, si kuegemea mito. Namlisha kijiko kidogo kimoja, na cha pili hakiendi mpaka nione koo imepanda na kushuka. Runinga inazimwa. Wageni wanaokuja kumtazama na madafu yao nawashukuru kwa dhati, lakini nawaomba wasimsemeshe akiwa na chakula kinywani, na madafu tunakunywa sisi. Akimaliza namsafisha kinywa, halafu anabaki wima nusu saa.

Vidonge usivisage kabla ya kumuuliza mfamasia, maana vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole.

Na kama hakuna kiharusi, ila chakula kigumu kinakwama kifuani na hali inazidi wiki hadi wiki, usikae nyumbani ukinywa dawa za kiungulia. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imewapata wengi Afrika Mashariki. Nenda ukaombe kipimo cha endoskopi, kile cha kamera inayopitishwa kooni, mapema, ungali unaweza kumeza uji.