Kisiwa kidogo, gari la siku ngapi?

*Shikamoo Mzee wa Usukani. Mimi na mume wangu tumejibana miaka miwili ili tukapumzike kisiwani siku saba. Tutakuwa watano: sisi wawili, watoto (mmoja ana miaka 4, mwingine 9) na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Hoteli iko hatua chache kutoka ufukweni. Kisiwa nimekipima kwenye ramani ya simu, ncha hadi ncha hakifiki kilomita 30. Tunataka kuona pango lililoko kaskazini, ngome ya zamani iliyo ndani ya mji, na fukwe mbili za upande wa pili. Baba watoto anataka gari tangu tunatua hadi tunaondoka, anasema bila gari tutakuwa wafungwa wa hoteli. Mimi naona tutalipia gari likalale kivulini. Tumeshanuniana mara mbili na hata ndege hatujapanda. Nani ana haki?*
*Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Mpe baba watoto siku mbili, za katikati ya wiki. Zilizobaki ni zako.

Sijibu hivyo ili kuwapatanisha. Nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kampuni ya kukodisha magari, mwanzo nikiosha na kupokea yanayorudi, baadaye kaunta. Anayepokea gari anajua siri ya safari ya mtu, kwa sababu anasoma mita likitoka na anaisoma tena likirudi. Familia iliyochukua gari wiki nzima ilikuwa inanirudishia lenye kilomita mia moja na ushee. Toa kwenda na kurudi uwanja wa ndege, hapo zimebaki safari mbili, tatu ukijitahidi. Kwenye kioo cha mbele utakuta utomvu wa mti mmoja, uliodondoka siku nne mfululizo mahali palepale.

Wewe mwenyewe umeshanitajia hesabu yako. Pango na fukwe mbili ziko mbali na hoteli: hizo ni siku mbili za kuzunguka, na mkitoka mapema hata moja na nusu. Ngome iko ndani ya mji, na huko ndiko gari linakosa maana kabisa. Miji mikongwe ya visiwani ilijengwa kwa ajili ya miguu na wanyama. Utaegesha nje ya ukuta, kisha utembee. Sasa mfikirie mama mkwe na magoti yake. Mnadhani gari ni kwa faida yake, lakini dereva wa teksi atamshusha langoni na kumfuata palepale. Baba watoto atamshusha, atazunguka nusu saa akitafuta nafasi, atarudi kwa miguu akiwa amelowa jasho, na jioni mtarudia yote kinyumenyume.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalioni mpaka wako pale nje na masanduku. Gari dogo la watu watano ni la watu watano wasio na mizigo. Weka kiti cha mtoto kwa yule wa miaka 4, na nchi nyingine zitadai hata wa miaka 9 awe na kiti cha kumwinua, kisha mkalishe bibi yao kati ya viti hivyo viwili. Huyo ndiye mliyesema magoti yanamsumbua! Masanduku matano je? Nimeona baba mzima akikaa na sanduku mapajani kilomita ishirini. Siku ya kufika na ya kuondoka chukueni teksi kubwa, ile ya kibasi. Siku za katikati, mnapobeba taulo na maji tu, gari la kawaida litatosha, na bibi akae mbele.

Usiku wa kwanza una ubaya mwingine. Mmechoka, ni giza, barabara hamuijui, na huenda usukani uko upande msiouzoea. Malta, Kupro, Morisi na Shelisheli wanaendesha kushoto. Visiwa vya Ugiriki na Uhispania, kulia. Ukibadilishiwa upande, mwili ndio unaokukosesha, akili inajua vizuri. Mkono unatafuta gia na kukuta mlango. Kwenye barabara iliyonyooka hakuna neno. Hatari iko pale unapotoka mahali tupu, kwa mfano kituo cha mafuta asubuhi, hakuna gari lingine la kukukumbusha. Bora mlijaribu hilo mchana, mmeshalala.

Kabla ya yote haya hakikisheni kama hicho kisiwa kinaruhusu magari. Unacheka? Hydra, Ugiriki, hakuna magari ya watu binafsi. Mizigo inabebwa na nyumbu. Sark, karibu na pwani ya Ufaransa, ni matrekta, baiskeli na mikokoteni ya farasi. Mackinac huko Marekani walipiga marufuku magari tangu 1898 na hadi leo hawajajuta. Bermuda magari yapo tele, ila mgeni hakodishiwi gari la kawaida, anapewa kile kigari kidogo cha umeme, na mwendo wa juu unaoruhusiwa barabarani ni kilomita 35 kwa saa. La Digue, Shelisheli, baiskeli inakufikisha karibu kote.

Na usizipime kilomita kwa ramani. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ina urefu wa kilomita 27 hivi, lakini katikati ni mlima, na barabara zinazoukata zinapinda kama utumbo, nyembamba, sehemu nyingine pembeni kuna mtaro mtupu na hakuna ukingo. Nchi kavu kilomita kumi ni dakika kumi. Kule, mkikutana na basi kwenye kona, mmoja wenu anarudi nyuma.

Mkishakubaliana siku mbili, wekeni nafasi mapema, msisubiri kufika. Kisiwa kidogo kina magari yaliyopo, basi. Yakiisha hakuna mji wa jirani wa kuagizia. Kama hamjui gia za mkono, andikeni otomatiki tangu mwanzo, maana ndizo zinazoisha kwanza. Ulizeni kama wanaleta gari hotelini. Ulizeni dhamana inashikwa kwenye kadi ya aina gani, kwa sababu wengi wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na ile ya kawaida ya benki wanaikataa pale kaunta, mkiwa mmesimama na watoto. Kama mnataka kuvuka na gari kwa kivuko kwenda kisiwa kingine, ulizeni hilo nalo, na jibu liwe la maandishi. Mara nyingi hawaruhusu, na ukivuka kwa siri bima inabaki ng'ambo.

Bima ndipo nilipoungua mimi, mtu wa kaunta.

Baada ya kustaafu nilikwenda kisiwani na mke wangu. Nikakodi gari siku saba, ndiyo, saba, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kuyapata bure. Siku ya tano tukaona kibao cha njia ya vumbi inayoshuka kwenye ghuba. Mke wangu akasema tuliache hapa juu, tutembee. Nikamwambia barabara nazijua. Tulipokaribia chini nikasikia *krrrr* ndefu chini ya miguu yangu, kama mtu anayekokota sufuria sakafuni. Nikashuka, nikachungulia, sikuona kinachovuja. Nikanyamaza. Naye akanyamaza, na huo ulikuwa ukimya wa gharama.

Siku ya kurudisha, kijana wa mapokezi alizunguka gari akaona ni safi. Kisha akatoa tochi mfukoni, akatandika kipande cha boksi chini, akalala chali na kujisukuma chini ya bampa. Nikajua nimekwisha. Lile boksi ni mimi niliyekuwa nikiwafundisha vijana wangu: usichafue shati, lala kwenye boksi, anza na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Akatoka na picha kwenye simu yake, mchirizi mweupe wa chuma urefu wa kiganja. Bima niliyokuwa nayo, kama ilivyo bima nyingi za msingi, haikugusa tairi, vioo, paa wala chini ya gari. Kisiwani hivyo vinne ndivyo vinavyoumia: mawe madogo kwenye kioo, kingo kwenye tairi, matawi kwenye paa, na chini, wazee wajuaji. Nililipa. Mke wangu hajawahi kulitaja, ila tukipita njia ya vumbi hukohoa.

Kwa hiyo mkisaini, tafuteni mstari unaosema ni kiasi gani mnabeba wenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na mstari unaotaja visivyolipwa. Vingine vyote mtasoma mkiwa na muda. Kabla hamjaondoka, mzunguke na simu ikirekodi video moja isiyokatwa: kila tairi na rimu, paa, vioo, ndani ya buti palipo na tairi ya akiba, kisha umalizie kwenye dashibodi, mita na mafuta vikionekana. Fanyeni hivyo hivyo mkirudisha. Mafuta chagueni "likiwa limejaa, lirudi limejaa", na siku hiyo ya kwanza angalieni kituo kiko wapi na kinafungwa saa ngapi. Visiwa vingine vina viwili tu.

Mwisho, maji. Msiegeshe mchangani eti kwa kuwa mmekuta alama za magurudumu ya wengine. Hao waliondoka kabla ya bamvua. Lindisfarne, Uingereza, barabara ya kuingia kisiwani inafunikwa na bahari mara mbili kwa siku, saa za kupita zimebandikwa wazi, na bado watu huokolewa magari yao yakiwa yamezama.

Kuna hali moja ambapo ningempa baba watoto wiki nzima: mngekuwa mmepanga nyumba juu kilimani, kituo cha basi kikiwa mbali na basi la mwisho likipita mapema. Lakini ninyi mko hatua chache na bahari. Mwambie nimesema siku ya tatu na ya nne usukani ni wake, wala hutamwelekeza njia.

*Mzee, mimi ni kijana, niko peke yangu. Nikikodi skuta badala ya gari, si ndiyo rahisi zaidi?*
*Mpweke Mwenye Helmeti*

Rahisi ni bei. Leseni yako ni ya gari au ina daraja la pikipiki? Kuna wakodishaji wasiouliza. Bima yako ya safari itauliza, tena baada ya kuanguka, ukiwa umefungwa bandeji. Kama daraja unalo na umeshaendesha, chukua, ila kona za karibu na ufukwe zina mchanga ambao hauonekani mpaka gurudumu la mbele limeuona. Kama hujawahi, usijifunzie kwenye likizo. Kodi baiskeli, na uvae viatu.