Picha za bibi si chafu, zimefifia

SWALI: Nimerithi kwa bibi yangu picha tatu za mandhari: njia ya kijijini, miti iliyochanua na kijito. Ni picha za kamera, ila zimepakwa rangi kwa mkono. Moja ina sahihi ya penseli chini yake: Wallace Nutting. Rangi zimepauka, anga imeingia umanjano, na kadi zilizobandikiwa picha zina madoa ya kahawia. Rafiki yangu ananishauri nizifute kwa pamba yenye maji na sabuni kidogo, kisha niyaguse madoa kwa haidrojeni peroksaidi. Fundi mmoja wa fremu anasema anaweza kuzihuisha kwa rangi mpya. Nianze na lipi?

JIBU: Usianze na lolote. Weka pamba chini kwanza.

Barua kama hii huja kwangu kila mara, na karibu zote zina dhana ileile: kwamba picha iliyopauka ni picha chafu, na chini ya uchafu rangi za zamani bado zinangoja. Najua dhana hiyo inakotoka. Watu wametazama video za michoro ya mafuta ikisafishwa: pamba inapita, utando wa kahawia unatoka, buluu inajitokeza kama mpya. Ni kweli kwa michoro ile, kwa sababu juu ya rangi kuna vanishi, na kilichozeeka ni vanishi. Picha yako haina vanishi. Kuna karatasi, kuna taswira ya kamera, na juu yake rangi ya maji nyepesi iliyopitishwa kwa brashi. Juu ya hapo ni hewa tu. Kitakachobaki kwenye pamba yako hakitakuwa uchafu, kitakuwa anga.

Rangi ikishapauka kwa mwanga, imevunjika yenyewe. Haikujificha mahali. Aghalabu nyekundu na waridi hutangulia, ndiyo maana katika picha nyingi za aina hii miti iliyochanua inaonekana kama imepigwa na vumbi wakati majani bado yana kijani chake. Umanjano wa anga nao mara nyingi ni karatasi yenyewe inayozeeka kwa asidi, ukionekana mahali ambapo rangi ya juu imekonda. Hakuna sabuni inayorudisha kitu ambacho hakipo tena.

Peroksaidi ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu mwanzoni inaonekana imefanya kazi. Doa linapauka, mtu anafurahi, anapiga picha ya "kabla na baada". Kinachotokea baadaye hakionyeshwi. Tone la majimaji kwenye karatasi kuukuu husukuma uchafu hadi ukingoni mwake na kuacha pete ya kahawia ambayo haikuwapo. Rangi ya maji iliyo jirani hupauka pamoja na doa. Kama taswira imeundwa kwa chembe za madini ya fedha, peroksaidi huishambulia fedha hiyo na kuacha umanjano na vidoa vipya. Kama ni ya platinamu, na picha nyingi za Nutting, mwenye sahihi hiyo uliyoiona, ni za platinamu, basi umeweka peroksaidi juu ya metali inayojulikana kwa kuichochea ichanganuke, tena kwenye karatasi ambayo platinamu hiyohiyo imeidhoofisha kwa miaka mingi. Na dawa isiposuuzwa kabisa, doa hurudi. Karatasi yenye rangi ya maji utaisuuzaje?

Kuhusu fundi wa rangi mpya. Nutting, mchungaji wa kanisa huko Marekani aliyeacha mimbari kwa sababu ya afya na kuingia katika biashara ya picha mwanzoni mwa miaka ya 1900, hakuzipaka zote mwenyewe. Aliajiri wapaka rangi wengi, hasa wanawake, na sahihi nyingi za penseli ziliandikwa na wao kwa niaba yake. Kwa hiyo usiitegemee sana sahihi. Kinachothaminiwa ni mkono ule wa wakati ule, hata umefifia. Akija mtu leo akaongeza waridi, hajahuisha chochote. Amechora juu ya kazi ya mwingine, na mkusanyaji mwenye lenzi ataona. Wengine hufanya hivyo makusudi: wananunua picha zilizopauka kwa bei ndogo, wanazigusagusa, wanaziuza kama zilizohifadhiwa vizuri. Wapo pia wanaokata kingo za kadi ili kuondoa madoa, na kingo hizo ndizo zenye jina la picha na sahihi.

Lenzi hiyo uitumie na wewe. Ukiona vidoti vilivyojipanga kwa mistari, ni chapa ya mashine, si rangi ya mkono. Nutting mwenyewe alitoa chapa za namna hiyo mwishoni mwa maisha yake.

Yeyote anayejitangaza kwamba anarekebisha picha za kale, muulize jambo moja: picha hii imetengenezwa kwa vitu gani? Akikujibu kabla hajaitoa kwenye fremu na kuichunguza, au akikutajia bei kwanza, chukua picha zako uondoke. Mhifadhi wa karatasi wa kweli mara nyingi atakuambia afanye kidogo kuliko ulivyotaka: aondoe ubao wa nyuma unaotoa asidi, aweke kadi isiyo na asidi, basi. Watu huona hiyo si kazi, kisha humfuata yule mwenye chupa.

Wewe mwenyewe ziondoe ukutani penye jua. Makumbusho huonyesha vitu vya aina hii kwenye mwanga hafifu, wa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, tena kwa vipindi. Kioo cha kuzuia miale ya ultravayoleti hupunguza madhara, hakiyazuii. Ukifuta kioo, lowesha kitambaa, usinyunyizie kioo, maana majimaji huteremka na kuingia ndani ya fremu. Usichane karatasi ya nyuma wala lebo yake. Zipige picha kama zilivyo. Ukitaka rangi zenye kung'aa, piga picha za kidijitali, ongeza rangi kwenye kompyuta, chapisha, utundike nakala hiyo. Za asili zikae gizani, mahali pakavu pasipo joto.

Na kama ukifungua fremu ukakuta picha imegandamana na kioo, usiivute hata kidogo. Mpelekee mhifadhi vyote viwili kama vilivyo.